Seva ya Uyole: Kuiwasha Rahisi, Kuichunga Ndiko Kwenye Kazi

Watu wakisikia nina seva nyumbani, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana kutunza picha zangu, swali la kwanza huwa: huogopi wadukuzi? Hapa Uyole, Mbeya, mdukuzi yuko mwisho wa foleni. Wa kwanza ni umeme. Anafuata radi, halafu vumbi la Septemba, halafu mtoto anayetafuta tundu la kuchajia simu na kuona waya wa seva ndio unaofaa kuchomolewa. Maelezo mengi ya kufunga seva yameandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, kwa hiyo wanaanza na nywila na kumalizia na nywila. Nami nitazigusa, lakini mwalimu wangu mkubwa amekuwa soketi ya ukutani.

Kazi yangu ni picha. Harusi, sendofu, kipaimara, na siku hizi hata misiba. Harusi moja ya kamera mbili na video inafika gigabaiti 100 bila kujitutumua. Ukitaka kuzipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, na hiyo ni laini yenye heshima zake, unahitaji saa 44 mfululizo. Karibu siku mbili, usiku na mchana, bando linaungua, na Jumamosi inayofuata kuna harusi nyingine. Ndiyo maana niliamua picha zikae nyumbani, na nakala ya pili nitafute namna nyingine ya kuipeleka mbali.

Kilichomaliza ubishi nyumbani ni Jumapili ya 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na ya majirani zetu kadhaa ikazorota. Mke wangu, ambaye mpaka hapo aliiita seva "hilo dude lako", aliendelea kupanga albamu ya bibi harusi sebuleni kana kwamba hakuna kilichotokea, maana picha zilikuwa zinatoka chumba cha pili, si ng'ambo ya bahari.

Seva yenyewe si seva. Ni kompyuta ya mezani ya mtumba, Lenovo ThinkCentre ya saizi ya Tiny, zile ndogo ambazo maofisini hufungwa nyuma ya skrini. Kabla yake nilitumia kompyuta ya kasha kubwa iliyovuta wati 70 hata ikiwa haina kazi. Zidisha kwa saa 24 na siku 30: uniti 50 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hizo ni karibu shilingi 18,000. Aliye kwenye lile daraja la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi anaumia mara mbili, kwa sababu uniti 50 za seva zinaweza kumtoa kwenye bei nafuu, na hapo friji, pasi na taa zote zinalipiwa bei ya juu. Hii ndogo pamoja na diski yake inavuta kama wati 15, yaani uniti 11 hivi, chini ya shilingi 4,000. Mtu akiniuliza anunue mashine gani, sianzi na prosesa wala RAM. Namuuliza LUKU yake inakwendaje.

Kufunga mfumo endeshi wa Debian, kuweka Immich, programu ya kupanga picha, na Kiwix, inayofungua Wikipedia bila intaneti kwa ajili ya watoto wa mtaa, si habari ya kusimulia. Maelekezo yapo, na mtu asiyeogopa kuandika amri kwenye skrini nyeusi anamaliza bila kuita fundi. Habari inaanza umeme ukikata.

Kwanza, mashine lazima ijue kuamka yenyewe. Kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoamsha kompyuta, kuna kipengele kinachouliza kompyuta ifanye nini umeme ukirudi: ibaki imezima, au iwake. Nyingi zinakuja zikiwa zimepangwa zibaki zimezima, maana zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi. Unabadilisha, unaona umemaliza. Lakini kompyuta ya mtumba ina betri ndogo ya duara kwenye ubao wake, CR2032, na mara nyingi hiyo betri imekwisha zamani bila mtu kujua, kwa sababu ofisini mashine ilikuwa inashinda kwenye umeme. Umeme ukikata muda mrefu, mashine ya namna hiyo inasahau saa na inaweza kusahau mipangilio yote, pamoja na ile ya kuamka. Ukiiwasha kwa mkono inadhani ni miaka mingi iliyopita, na kila tovuti salama inakataa kufunguka kwa sababu cheti chake "hakijaanza kutumika". Unahangaika na mtandao, unahangaika na ruta, kumbe ni betri inayouzwa kwa fundi saa Mwanjelwa. Siku hizi mashine ya mtumba ikiingia mlangoni kwangu, betri hiyo inabadilishwa kabla ya kitu kingine chochote.

Pili ni UPS, lile boksi lenye betri linaloshikilia kompyuta kwa muda umeme ukikata. Zile ndogo za kawaida zina betri ya volti 12 na ampea-saa 7. Kwenye karatasi hiyo ni wati-saa 84. Kwa mzigo wa wati 25, yaani seva na ruta, ungetarajia zaidi ya saa tatu. Usitarajie. UPS inapoteza nishati ikigeuza umeme wa betri, na betri ya risasi haipendi kukamuliwa mpaka mwisho. Saa moja na kitu, betri ikiwa mpya, ni jambo la kushukuru. Umeme unapokatika mara kwa mara betri inachakaa upesi kuliko muuzaji anavyokuambia, na inachakaa kimya kimya: taa ya kijani inaendelea kuwaka hadi siku unapoihitaji.

Kwa hiyo thamani ya UPS kwangu si ule muda inaokupa. Ni ule waya wa USB nyuma yake, kama upo. Geuza boksi uangalie kabla ya kulipa, maana nyingi za bei rahisi hazina. Kwa waya huo, programu inayoitwa NUT inaisoma UPS na kuiambia seva: betri inakwisha, funga kazi zako, zima. Diski inafungwa kistaarabu, hifadhidata ya picha haikatiki katikati ya sentensi.

Hapa kuna mtego ambao maelezo mengi yanaupita haraka. Tuseme betri imeshuka, seva imejizima vizuri, halafu umeme unarudi dakika moja baadaye, UPS ikiwa bado na chembe ya nguvu. Kwa upande wa seva, umeme haujawahi kukatika. Iliambiwa izime, ikazima. Ule mpangilio wa kuamka unasubiri umeme upotee na kurudi, na haujapotea. Seva italala hapo hadi mtu aende kubonyeza, na wewe uko Tukuyu kwenye harusi. Dawa ni kuipanga NUT ili seva ikishazima, UPS nayo ikate kabisa umeme inaoutoa, kisha umeme wa ukutani ukirudi iuachie upya. UPS zenye uwezo huo zipo. Ijaribu mwenyewe mchana kweupe, chomoa UPS ukutani, subiri, chomeka tena seva ikishazima, uone.

Radi ina njia zake. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu yakikaa juu ya mlima Loleza na kule upande wa Rungwe, nachomoa. Watu hununua kile kifaa cha kulindia friji, wakakipachika kwenye soketi, wakaona wamelindwa. Kifaa hicho kinaangalia volti iliyopanda au kushuka, na kwa hilo kinafaa sana, lakini radi haikisubiri. Na zaidi ya hapo, radi haiji kwa waya wa umeme peke yake. Intaneti ya kwetu wengi inaingia kwa antena iliyo juu ya bati, na waya wake wa mtandao unashuka moja kwa moja hadi kwenye ruta, kutoka ruta hadi kwenye seva. UPS haiujui waya huo. Jirani yangu aliunguza ruta na tundu la mtandao la kompyuta huku taa za nyumba zikiwaka vizuri. Kati ya antena na ruta weka kizuizi cha radi kilichounganishwa na ethi, na muulize fundi umeme aipime hiyo ethi yenyewe, si kuitazama tu. Chuma kilichochimbiwa kwenye udongo mkavu wa Oktoba hakipitishi kama kinavyopitisha Februari.

Sasa kuchunga. Nilianza na Uptime Kuma, programu nzuri inayokagua kila baada ya sekunde 60 kama huduma zako ziko hai na kukutumia ujumbe Telegram ikiwa moja imekufa. Uzuri wake unaisha pale ambapo inakaa ndani ya seva ileile inayoichunga. Mlinzi akisinzia hawezi kukupigia simu kukuambia amesinzia. Mashine ikizima, ruta ikizima, au mnara wa intaneti wa mtaa ukikosa umeme, hakuna ujumbe unaotoka, na ukimya huo unafanana kabisa na ukimya wa siku ambayo mambo yote yako sawa.

Dawa yake ni kugeuza mwelekeo. Badala ya kusubiri seva iseme "naumwa", seva inasema "nipo" kila baada ya dakika 5 kwa mtu aliye nje ya nyumba, na huyo wa nje ndiye anayepiga kelele asiposikia kitu. Kuna huduma za mtandaoni za namna hiyo. Mimi nina shemeji yangu Iringa, upande wa Kihesa. Kwake kuna Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, na diski inayobeba ile nakala yangu ya pili, kwangu kuna seva, na kila moja inamsikiliza mwenzake. Muda wa kimya kabla ya kelele niliuweka nusu saa. Ukiuweka dakika 5, kila umeme ukicheza simu inalia, na baada ya muda simu ikilia hutazami tena.

Kuziunganisha hizo mbili kulikuwa na kikwazo kinachowakuta wengi nchini. Intaneti zetu nyingi za majumbani hazina anwani ya IP ya hadharani; mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiingia kwenye ruta ukaona upande wa nje una anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127, uko humo, na kufungua poti kwenye ruta, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, ni kupoteza jioni yako. Unahitaji kituo cha katikati chenye anwani ya hadharani ambacho pande zote mbili zinakipigia. Nilikodi seva ndogo ya bei ya chini mtandaoni, nikaweka WireGuard, programu inayounganisha mashine kwa njia ya faragha, na upande wa kwetu nikaandika itume salamu fupi kila sekunde 25 ili njia isijifunge. Albamu za wateja nazo zinapita hapohapo. Faida yake nyingine ni kwamba nyumbani hakuna poti yoyote iliyo wazi kwa dunia. Kwenye kile kituo cha katikati, kuingia ni kwa SSH, njia ya kuiamuru seva ukiwa mbali, tena kwa funguo zake za kidijitali tu, nywila zimekataliwa kabisa, na masasisho ya usalama yanajiweka yenyewe usiku. Kuhusu wadukuzi, yangu ni hayo.

Halafu nikaingia kwenye ugonjwa wa grafu. Prometheus inakusanya namba, Grafana inazichora, na mtu wa picha kama mimi hawezi kupinga kitu kinachochorwa vizuri. Joto, kumbukumbu, diski, mtandao, kila kitu na rangi yake. Wageni walikuwa wanaonyeshwa. Zikapita wiki, hakuna aliyekuwa anaangalia, mimi mwenyewe nikiwamo. Wakati huohuo simu ilikuwa inalia kwamba prosesa imefika asilimia 90. Ni kweli imefika. Immich inasoma nyuso za wageni 400 wa harusi. Nifanye nini, niikataze?

Nilikaa na orodha ya tahadhari nikajiuliza moja moja: hii ikilia saa nane usiku, kuna kitu nitakachofanya, hata asubuhi yake? Nyingi zikafutwa. Zilizobaki ni chache: diski inajaa kwa mwendo utakaoimaliza ndani ya siku chache, nakala ya Iringa imepitisha siku moja na nusu bila kufanyika, saa ya mashine imepotoka, betri ya UPS, na afya ya diski.

Hiyo ya diski nitaieleza kidogo. Kila diski inajiandikia habari zake kwa mfumo wa SMART, na kati ya namba nyingi mle, ninazozitazama ni ya 5, ya 197 na ya 198: sehemu zilizohamishwa, sehemu zinazosubiri hukumu, na sehemu zilizoshindikana kusomwa. Diski yangu ya kwanza ilikaa na sifuri kwenye 197 muda mrefu, halafu siku moja ikasoma 8. Nane inatisha, ingawa kwa diski za siku hizi ni kipande kimoja tu kilichoharibika, kwa sababu kipande kimoja cha baiti 4,096 kinahesabiwa kwa mafungu ya 512. Ningeweza kuipuuza. Iliendelea kupanda, nikahamisha picha kabla haijaanza kugugumia. Nina hakika bila ile tahadhari ningeijua siku ya kusikia mlio.

Grafu sikuzitupa. Kuna siku ziliniambia kitu ambacho tahadhari isingekisema. Joto la prosesa lilikuwa linapanda taratibu tangu Julai, nyuzi moja, nyuzi moja tena, bila kuvuka mstari wowote wa hatari, huku kazi ikiwa ileile. Hali ya hewa peke yake haikutosha kueleza. Nikafungua mashine: feni imevaa koti la vumbi jekundu. Barabara yetu haina lami, na upepo wa kiangazi unaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Nikalipuliza, nimeishika feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa na upepo wa pampu inaweza kujiharibu au kurudisha umeme kwenye ubao. Mstari kwenye grafu ukaanguka jioni ileile. Baridi yetu nayo ina maneno yake. Diski nyingi zimeandikiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 5 na 60. Tahadhari zinazokuja na programu huangalia huku juu tu. Asubuhi za Juni na Julai, kwa mtu wa Njombe au Makete hasa, mwisho wa chini ndio wa kuangaliwa, na diski iliyokaa imezima usiku kucha kwenye chumba chenye unyevu ni afadhali isiwashwe mpaka chumba na yenyewe vipate joto.

Nakala ya Iringa ilianza safari yake kwa basi. Terabaiti moja kwa ile laini ya megabiti 5 ni zaidi ya siku 18. Basi la asubuhi kutoka Mbeya linafika Iringa mchana. Diski ilisimbwa kwanza isisomeke bila nywila, kwa sababu nyuso zilizomo ni za wateja, na tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Baada ya hapo restic, programu ya kutunza nakala, inapeleka mabadiliko tu kila usiku. Mara kwa mara namwomba shemeji achague harusi yoyote, nami nairudisha kutoka kwake kwenye kompyuta nyingine na kufungua picha, si kuangalia majina ya mafaili. "Shemeji," aliniambia juzi, "mbona kila ukipiga simu unauliza harusi za watu, hata salamu hakuna?"

Lakini mchungaji mkali kuliko wote hajafungwa kwenye mashine. Wikipedia ya Kiswahili na masomo mengine yaliyomo kwenye Kiwix yanatumiwa na wanafunzi wa mtaa wanaokaa barazani jioni, bila bando. Uptime Kuma ilikuwa inaonyesha kijani, huduma inajibu vizuri, nikasikia mlangoni: "Shikamoo mjomba. Picha za moyo hazifunguki." Ukurasa ulikuwa unafunguka, maandishi yapo, picha hakuna, kumbe nilikuwa nimeweka faili la zamani lisilo na picha. Hakuna tahadhari niliyoiandika ambayo ingeuliza kama moyo una picha. Tangu siku hiyo ukaguzi wangu wa Kiwix unaomba picha moja mahsusi kila mara, si ukurasa tu.

Kinachofuata ni sola. Mzigo wa wati 25 kwa siku nzima ni wati-saa 600, na betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 50 inabeba 640, kwa hiyo siku moja bila jua ndiyo inaishia. Paneli ya wati 200 inatosha Agosti. Kwa Februari, mawingu yakikaa siku tatu, hesabu bado inagoma, labda niitenganishe ruta iwe na betri yake na seva ilale usiku. Mke wangu anasema ikilala usiku basi na mimi nitalala.